Nataka kupumzika Manyovu, ila Manyovu ndo kwa mama mkwe

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu usiliweke, niite tu Mama wa Kibirizi, maana huku Kigoma tunajuana sana na hili neno likipanda mlima kabla yangu sijui uso wangu ntauweka wapi.

Nina miaka 36, ndoa yangu ina miaka kumi na moja, watoto watatu. Kazi yangu dagaa. Vipe, yani boti za wavuvi wa dagaa, vikiingia mwaloni alfajiri mi nipo pale na ndoo zangu, nanunua, naanika, naanua, napakia, magunia yanaenda Tabora mengine Dar. Asiyeijua hii kazi anadhani unamwaga dagaa juani alafu unakaa kivulini unasubiri hela, wapi bana, ukigeuka kidogo kunguru kashuka, wingu likinyemelea unakimbizana na turubai, siku nzima mgongo umeinama. Na sisi kalenda yetu ni mwezi wa angani. Kukiwa na giza wavuvi wanaingia na taa zao, dagaa wanaufuata mwanga. Mbalamwezi ikishakuwa kali taa hazina maana tena, vipe vinakaa siku kadhaa, na hapo ndo na mimi nakumbuka kwamba nina nyumba.

Sasa juzijuzi nilisinzia nimesimama Anti. Nimesimama nimeshika ndoo, mwenzangu ananiambia bei mi sipo, nikashtuka ndoo iko chini dagaa wamezagaa mchangani. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nilivyofika nyumbani nikalia.

Mume wangu (ni fundi wa kuchomelea, ana kibanda chake pale Mwanga, hapahapa Kigoma mjini) alivyosikia akasema mke wangu umechoka wewe, mbalamwezi ijayo tuwaache watoto Ujiji kwa bibi yao, twende zetu mlimani usiku mbili tukalale tu. Mlimani maana ake Manyovu. Anti nilifurahi nikamkumbatia! Mimi nimezaliwa Ujiji kwenye joto, kulala umejifunika blanketi mpaka shingoni kwangu ni anasa. Ukishapita Mwandiga gari linaanza kupanda, linapanda mpaka masikio yanaziba, ukifika Kalinzi hewa imeshabadilika kabisa, migomba na kahawa huku na huku, na ukifika Manyovu jioni unakuta watu wazima wamevaa majaketi wanaota moto na ng'ambo unaiona milima ya Burundi imejifunika ukungu. Kimya. Hakuna injini za boti, hakuna mtu anakugongea saa tisa usiku eti vipe vimewahi leo.

Tatizo ni kwamba huko ndo kwao mume wangu. Mama yake anakaa kijijini, bodaboda dakika ishirini toka pale senta. Ukienda Manyovu umeenda kwa mama, hakuna namna nyingine.

Nikueleze mwaka 2024. Ziwa lilivyofungwa, toka 15 Mei mpaka 15 Agosti, hamna kuvua, mi sina kazi, mume wangu akasema haya sasa ndo wakati twende kwetu ukapumzike wiki moja. Tukaenda. Nilibeba mchele kilo kumi, sukari, sabuni, mafuta, kitenge cha mama, sado ya dagaa, hela zangu za mwisho hizo. Asubuhi ya kwanza saa kumi na mbili nasikia mama anafagia uwanja, nikatoka nikampokea ufagio. Kesho yake maharage yalikuwa yameng'olewa yako uani, tukayapiga fimbo mimi na yeye na wifi yangu mpaka mikono ikatoka malengelenge. Maji kisimani, kuni, kupika kwa watu kumi na mbili maana ukoo mzima ulikuja kumsalimia mtoto wao. Mtoto wao mwenyewe yuko kijiweni na wenzake wa shule ya msingi, anarudi usiku anauliza mke wangu umepumzika? Na hata usiku kulala ilikuwa taabu, mama alitupa chumba chake na kitanda chake, yeye akalala jikoni na watoto, kwahiyo kila ukigeuka unasikia anakohoa, unajisikia vibaya, husemi hata neno na mumeo. Niliporudi Kigoma nikaumwa mgongo siku nne.

Mama si mbaya. Hajawahi kunitukana, wala hajaniambia fanya hiki. Lakini utamuona mzee anainama na jembe wewe umekaa kwenye kigoda? Na mimi kule tayari naitwa Mswahili wa Ujiji asiyejua kulima, wanasema kwa utani lakini utani huo unaujua mwenyewe.

Kwahiyo safari hii nilimwambia mume wangu mi kwa mama siendi, tulale gesti. Akasema sawa. Nikaona makubwa, kakubali kirahisi hivyo? Kumbe bwana, juzi mama kapiga simu anauliza mtakuja lini, mi nipo pembeni namsikia anamjibu mama yake kwa Kiha kwamba wikiendi hiyo ana kazi Uvinza. Kiha changu cha kuungaunga ila Uvinza naijua! Nilivyomuuliza akasema kwani we si ulitaka kupumzika, tutaingia usiku, tutatoka alfajiri, nani atatuona.

Wifi yangu anauza chai na chapati pale stendi Manyovu, Anti. Stendi penyewe ukipiga chafya huku wanakuitikia kule.

Hela ninayo, mgao wa kikoba laki mbili na ishirini. Gesti aliyoulizia ni elfu thelathini kwa usiku. Nikipiga hesabu za kwenda kwa mama na mizigo yake inakuja ileile. Sasa niende nijifiche? Niende kwa mama nikapige maharage? Au niache kabisa nilale zangu Kibirizi na kunguru? Na mwenzio nina dhambi moyoni, nikimfikiria yule mama naona kama namfanyia kitu kibaya, alafu dakika hiyohiyo nikikumbuka ule ufagio nakasirika. Nishauri.

Mama wa Kibirizi

*

Marahaba mwanangu, na pole na kazi. Hiyo ndoo iliyokudondoka imenikaa kichwani kuliko kitu chochote kwenye barua yako, ntairudia.

Kwanza ngoja nione kama nimekuelewa. Umechoka, umechoka kwelikweli, na umepata mume aliyeliona hilo bila kuambiwa, mshukuru Mungu hapo kwanza. Mnataka siku mbili za baridi na kimya. Sehemu yenye baridi na kimya mnayoweza kuifikia bila kumaliza mgao wa kikoba ni kwao mumeo, na kwao mumeo huwezi kwenda kama mgeni, unaenda kama mkamwana, na mkamwana halali akiamka jua limewaka. Njia aliyoiona mumeo ni uongo wa Uvinza. Wewe uongo umeusikia kwa masikio yako, hujaukataa, hujaukubali, umekuja kwangu. Ni hivyo?

Mi ni mtoto wa Tabora, mambo ya milima nayasikia kwenu. Na ajabu ni kwamba sisi tupo juu kuliko nyie, Tabora mjini ni kama mita 1,200 toka usawa wa bahari wakati ziwa lenu liko mita 773 hivi, ila kwetu ni tambarare tupu, huna pa kupanda wala pa kushukia, kwahiyo hatujui kama tuko juu! Nyie mkitoka ziwani mkapanda mpaka zile safu za Kalinzi na Manyovu mnavuka mita 1,500, na kila mita elfu moja ukipanda joto linashuka kama nyuzi sita hivi, ndo maana hilo blanketi lako linakuwa na kazi. Kwahiyo sikushangai kulitamani. Si anasa hiyo mwanangu, mtu aliyelala miaka kwenye joto na mbu anajua usingizi wa baridi ukoje.

Sasa nikuulize vitu, usinikasirikie.

Nimeisoma barua yako mara tatu kumtafuta mama mkwe akikuagiza kazi, sijamuona. Wewe mwenyewe umeandika hajawahi kukuambia fanya hiki. Ulisikia anafagia, ukatoka ukampokea ufagio. Simaanishi kwamba kazi ulijitakia, hapana, mi nimeolewa nayajua hayo, kuna nyumba hakuna anayekuagiza ila ukikaa kitako utasikia jirani anauliza "mkamwana anaumwa?" na utaelewa. Na hilo jina la Mswahili asiyejua kulima nalo linakusukuma, unashika jembe ili uwafunge midomo. Ila jiulize, kati ya ile kazi uliyoifanya kule, ipi alikupa mama, ipi ulikupa utani wa watu, na ipi ulijipa mwenyewe kwa sababu wewe ni mtu ambaye hata akiwa na malengelenge hawezi kumuona mwenzake anainama? Maana hiyo ya mwisho ukienda gesti utaenda nayo. Ntakukuta asubuhi unatandika kitanda cha gesti na unatafuta fagio.

Cha pili ni kitanda. Umekitaja harakaharaka kama kero, kwamba mlikosa kulala sababu mama anakohoa jikoni. Mi nimekaa hapo. Mwanamke mzima, mjane kama nimeelewa vizuri maana baba mkwe hujamtaja, kaacha chumba chake wiki nzima kalala jikoni na wajukuu kwenye baridi hiyohiyo unayoililia wewe. Na yeye hakupumzika wiki ile! Watu kumi na mbili waliokuja kumsalimia mtoto wao hata yeye walimchosha, maharage yake yalichelewa, na nina wasiwasi mlivyoondoka alikaa kwenye kigoda akashusha pumzi kama wewe ulivyoshusha ulipofika Kibirizi. Sijui, sikuwepo. Ila umewahi kumuuliza? Inawezekana kabisa nyie wawili mnachoshana kwa heshima, kila mmoja anamfanyia mwenzake kitu ambacho mwenzake hakukiomba.

Alafu kuna huyu bwana. Wewe unapiga maharage, mama anapiga maharage, wifi anapiga maharage, yeye yuko kijiweni. Barua yako nzima ina hasira na mlima, na hasira na ufagio, lakini aliyeniuma mimi ni huyu anayerudi usiku anauliza mke wangu umepumzika. Simsemi vibaya, wengi wako hivyo, mwanaume akirudi kwao anarudi kuwa mtoto, anapikiwa, anasimuliwa, anasahau kaja na nani. Kwake Manyovu ni mapumziko kwelikweli ndo maana alidhani na kwako ni hivyo. Je ulishawahi kumwambia, kwa maneno, kwamba ile wiki wewe ulifanya kazi? Au mgongo ulivyouma ulisema tu ni mgongo?

Na uongo wa Uvinza ni wa nani? Ye kausema kwa lugha yao, kwa mama yake, bila kukuuliza. Lakini siku ukifumuka, na ntakueleza sasa hivi utakavyofumuka, sidhani kama kuna mtu mlimani atasema "kijana wetu alitudanganya." Watasema Mswahili kamkataza mwenzetu kufika kwa mama yake. Kausema yeye, utalipa wewe.

Haya tuangalie hiyo ya kujificha. Sisemi haiwezekani. Ila mnafika usiku, mnaingia gesti, kinaletwa kile kitabu kikubwa cha wageni chenye kalamu iliyofungwa uzi: jina, kabila, utokako, uendako, kazi, sahihi. Dada wa mapokezi ni mtoto wa palepale, anasoma jina la ukoo la mumeo, anainua macho. Mkiandika jina la uongo hapo ni mpakani, ng'ambo ni Burundi, wageni wanaangaliwa kwa jicho lingine, watu wa uhamiaji wakipita wakakuta jina la kitabuni na la kitambulisho hayafanani mtaeleza nini? Tuseme dada wa mapokezi kanyamaza. Watoto wako Ujiji, yule mdogo, bibi wa mlimani kapiga simu kuwajulia hali, "baba yuko wapi?" "Baba na mama wameenda kwako bibi!" Mtoto hujui kumfundisha Uvinza. Na mama yako mzazi umemwambia nini, naye umemuingiza kwenye uongo? Na Mungu apishie mbali bodaboda ikateleza kwenye ule utelezi, mmoja wenu kalazwa hapo Manyovu, aliye karibu wa kuleta uji ni nani kama si huyohuyo wifi wa chapati.

Lakini hata yote yasitokee. Siku mbili nyuma ya pazia, hutoki kuona hiyo milima ya ng'ambo, hunywi chai stendi, bodaboda ikisimama nje moyo unaruka. Utakuwa na baridi, sawa. Sijui kama utakuwa na kimya.

Njia nyingine ni kusema. Mumeo, si wewe, yeye, ampigie mama yake kwa Kiha chao, amwambie mama kazi ya Uvinza haipo, mke wangu anaumwa uchovu, tunakuja huko kupumzika, tutalala senta siku mbili, na kwako tutafika. Hapo hakuna aliyetukanwa. Ila nisikufiche, na hii ina mwiba wake, na ni mrefu. Kule kwao, na kwetu Tabora pia, mtoto kulala gesti wakati mama yake ana paa ni aibu ya mama. Mama anaweza kukuelewa kabisa moyoni lakini asubuhi kisimani wenzake wakamuuliza "mwanao kakukimbia?" na hana jibu. Anaweza kusema sawa baba kwa mdomo alafu akalia. Au, na hii mi ndo naiona kabisa, anaweza kuwafuata gestini saa moja asubuhi na jogoo kwapani na shangazi watatu nyuma. Utacheka au utalia hapo sijui.

Wengine wangegawanya, usiku mmoja huku mmoja kule. Inategemea mnaanza wapi. Mkianza kwa mama Jumamosi, jioni kumtoka ni vita, "mnaenda wapi na giza hili," mtalala, na maharage yatakukuta. Mkianza gesti, ukalala usiku huo mpaka saa nne ukaamka mwenyewe, kesho yake mchana ukaenda kwa mama umenawiri, salamu unazitoa kwa moyo, mnakula, jioni mnarudi Kigoma. Ni kama kilomita 60 tu toka Mwandiga na lami ipo. Kinachoharibu hapo ni kwamba habari itakuwa imeshafika kwa mama tangu usiku, na mkifika mchana na mfuko wa sukari itaonekana mmeleta sukari ya kuomba msamaha. Kwahiyo nayo inadai ile simu kwanza.

Kuna kwenda kwengine kabisa. Kasulu kuna baridi, na ukipanda kule Heru Juu walikokuwa watemi wa Waha wa Heru kuna upepo na kuna kimya. Ni mbali zaidi, nauli itakula kikoba, na una uhakika mumeo hana binamu Kasulu? Haya cheka kidogo. Ila nataka umuulize kwa nini yeye alisema Manyovu moja kwa moja na hakusema Kasulu. Labda ni bei. Labda ni kwamba na yeye anapamisi kwao, anataka kuiona ile milima bila kuombwa bati la choo na ada ya mtoto wa mjomba. Kijana wa kwanza akifika nyumbani kila mtu ana orodha yake mkononi. Huko kijiweni alikokuwa anakaa mpaka usiku, umewahi kufikiri labda na yeye alikuwa anajificha? Mngekuwa mnakimbia kitu kimoja, kila mtu na njia yake.

Na kuna hii, utaiona ya ajabu. Ile elfu sitini ya gesti ikiingia kwa mama kwa namna nyingine inakuwa nini? Kibarua wa siku mbili wa shamba, mtu wa kuni, mtu wa maji, na mumeo kutangaza mbele ya ukoo kwamba mke wangu kaja kupumzika, ufagio leo nashika mimi. Akiushika kweli! Hapo mnalala bure, mama kaheshimika. Lakini kitanda bado ni kilekile na kikohozi kilekile, mama anaweza kuona kumlipa kibarua wakati mkamwana yupo ni kufuru, na mumeo mbele ya wenzake wa shule ya msingi sijui kama mkono wake utaufikia huo ufagio. Wewe ndo unamjua.

Kubaki Kibirizi sikuzungumzii sana, watoto wakiwa Ujiji nyumba ikafungwa mlango na simu ikazimwa ni kitu, ila mtu atagonga saa tisa usiku hata kama ni mbalamwezi.

Narudi kwenye ndoo. Mtu kusinzia amesimama si jambo la gesti peke yake. Kabla ya safari pita hospitali wakupime damu, presha, sukari, waambie umesinzia ukiwa umesimama, usiwaambie umechoka tu maana ukisema umechoka utapewa dawa za maumivu urudi nyumbani. Inaweza kuwa si kitu. Inaweza kuwa damu imepungua, na hiyo usiku mbili za blanketi haziitibu.

Kingine naona umeibebesha hii wikiendi mzigo mkubwa, kama ndo ya kwanza na ya mwisho. Wewe mwenyewe umeniambia kalenda yenu ni mwezi, na mwezi unarudi kila baada ya siku 29 na nusu hivi, haujawahi kugoma. Kila mbalamwezi vipe vinakaa. Miaka yote hiyo ya dagaa zimekupita ngapi ukiosha nguo? Je hata moja kwa mwezi, siku moja, usiku mmoja, hapohapo Ujiji kwa mama yako, ingewezekana, alafu hiyo Manyovu ikawa ni matembezi tu na si tiba? Au ukiigawa hivyo utaishia kuosha nguo tena? Sikuulizi kwa kukusuta, nauliza maana hata mimi likizo zangu nyingi ziliishia kwenye beseni.

Hiyo dhambi na hiyo hasira kukaa pamoja moyoni mwako usiione ugonjwa. Yule mama umempenda na amekuchosha, vyote viwili ni kweli, na sidhani kama unatakiwa kuchagua kimoja kabla ya kupanda gari. Unachoweza kufanya kabla mbalamwezi haijafika ni kukaa na mumeo, watoto wakilala, umwambie habari ya malengelenge toka mwanzo mpaka mwisho, na umuulize Uvinza ataitoaje mdomoni. Msikilize anajibu nini, na akinyamaza pia sikiliza.

Popote mtakapoenda beba kitambulisho cha NIDA, ile njia wanakagua, na sweta la maana, si kile kikoti cha harusi. Ukirudi niandikie tena, nataka kujua ulilala kitanda cha nani.

Anti yako, Tabora